Je, Wajua? Ufipa Ilikuwa na Nguo Yake ya Pamba
Kabla ya ukoloni, Wafipa walisokota pamba kwa mikono na kuifuma kwenye kitanda cha mfumi kilicholazwa chini, wakapata kitambaa kizito kiitwacho seketa. Nguo za viwandani kutoka ng'ambo ndizo zilizoudhoofisha ufundi huo.

Leo mpenzi wa kroshia pale Sumbawanga, mji wa Ufipa, anaweza kutia rangi uzi mweupe wa pamba nyumbani. Uchemshe kwanza kwa sabuni, maana pamba ina nta inayokataa rangi. Uloweke usiku kucha katika chai ya rangi iliyokolea, kisha uuchovye kwenye siki iliyolowekewa misumari yenye kutu. Ukahawia hugeuka kijivu kizito mbele ya macho yako. Usizidishe tu: chuma kingi hula uzi.

Mji huo uko mita kama 1,800 juu ya usawa wa bahari, hivyo maji huchemka kwenye nyuzijoto 94 hivi, si 100. Ukichemsha maganda ya vitunguu kupata rangi ya manjano, yape muda mrefu zaidi kuliko anavyofanya mtu wa Dar es Salaam. Na sufuria hiyo, tafadhali, isirudi kusongea ugali.