Je, Wajua? Kuna Daraja la Nyasi Linalosukwa Upya Kila Mwaka

Huko Peru, katika milima ya Andes, watu huvuka mto Apurímac juu ya daraja la nyasi. Linaitwa Q'eswachaka, lina urefu wa karibu mita 30, na kila Juni jamii nne za Waquechua hukusanyika kulisuka upya. Kila kaya huleta kamba yake. Kamba nyembamba husokotwa pamoja hadi zipatikane kamba nene kama paja la mtu mzima. La zamani hukatwa likaangukia mtoni, jipya hufungwa kwa siku tatu, na siku ya nne ni sherehe. Ujuzi huu umerithiwa tangu enzi za Wainka. Mwaka 2020 janga la korona liliwazuia kulisuka. Mwaka uliofuata likakatika. Walirudi Juni ya mwaka huohuo, wakalisuka. Kwangu mimi, hilo ndilo daraja la kwanza la kwenda kuliona.

La pili halijengwi, linalelewa. Katika jimbo la Meghalaya, India, mvua ni nyingi mno na mbao huoza upesi. Wakhasi huelekeza mizizi hai ya mti wa mpira wa Kihindi, mara nyingine ndani ya magogo ya mpopoo yaliyochongwa, hadi ifike ng'ambo ya mto. Miaka 15 na zaidi hupita kabla halijabeba watu vizuri. Anayelianzisha huenda akawaachia wanawe walivuke. Kadiri mti unavyokua, nalo huzidi kuwa imara. Kijijini Nongriat liko moja la ghorofa mbili!

Huko Mostar, nchini Bosnia, daraja la mawe la mwaka 1566 liliangushwa kwa makombora tarehe 9 Novemba 1993. Likajengwa upya na kufunguliwa 2004, na vijana bado hujirusha kutoka juu yake hadi mto Neretva.

Wapenzi wa chuma na zege waende kwenye daraja la Millau, Ufaransa: nguzo yake ndefu kuliko zote, pamoja na mlingoti wake, ina mita 343, kuupita mnara wa Eiffel.

Na kwetu je? Daraja la Kigongo–Busisi mkoani Mwanza, lililofunguliwa Juni 2025, lina urefu wa kilomita 3 juu ya Ziwa Victoria, mahali ambapo wasafiri walikuwa wakingoja kivuko. Nauli ya Peru ikichelewa kupatikana, msomaji, anzia hapo.