Duka mbele, stoo nyuma: Mtandao wa kompyuta usiohitaji bando

KATIKA miji ya biashara ya mazao kama Makambako, nyumba nyingi za wafanyabiashara zina ramani moja. Duka la pembejeo liko mbele likitazama barabara, stoo ya mahindi iko uani, na katikati inaishi familia. Kompyuta ya kwanza ilinunuliwa kwa ajili ya duka. Ya pili ilikuja baadaye, mara nyingi ni ya kijana aliyemaliza chuo, ikawekwa stoo kuandikia magunia yanayoingia na kutoka. Kati ya hizo mbili hakuna waya wowote. Kinachoziunganisha ni flashi inayobebwa mfukoni jioni, siku mbebaji akikumbuka.

Hapo ndipo matatizo yanapoanzia. Mkulima aliyechukua mbolea kwa mali kauli mwezi Desemba huja Julai kulipa kwa mahindi. Anayapima stoo, kijana anaandika kwenye kompyuta yake, mkulima anaondoka akijua amemaliza. Siku chache baadaye anapita dukani kununua dawa ya kuhifadhia mahindi, na mama mwenye duka anamwonyesha deni.

"Mama, lakini deni lile si nililipa magunia sita kwa kijana pale stoo?"

Mama anatazama tena. Taarifa alizonazo ni za wiki iliyopita. Anamtuma mtoto stoo kuuliza, lakini wateja wengine wamekwisha kusikia. Mkulima anahisi ameitwa tapeli mbele za watu, na msimu unaofuata mbolea yake anaichukua duka la jirani. Hasara ya namna hiyo haiandikwi kwenye vitabu vya hesabu popote, ingawa ni halisi kama gunia lililotobolewa na panya.

Wafanyabiashara wengi wakishauriwa kuziunganisha kompyuta zao, swali la kwanza huwa ni bando: litakula shilingi ngapi kwa mwezi? Lugha nayo imechangia kuwachanganya watu, kwa kuwa neno mtandao hutumika kwa kampuni ya simu, kwa intaneti, na hata kwa kompyuta mbili zilizofungwa waya mmoja. Ukweli ni kwamba kompyuta ya duka na ya stoo hazihitaji intaneti hata kidogo ili zizungumze. Teknolojia ya Ethernet inayotumika mpaka leo ilianza mwaka 1973 katika maabara ya Xerox huko California, kwa lengo la kuunganisha kompyuta na printa zilizokuwa ndani ya jengo moja. Hiyo ilikuwa miaka mingi kabla ya intaneti kuingia majumbani.

Kiungo cha mtandao wa nyumbani ni ruta. Kifaa hicho kidogo huwa na kazi tatu ndani ya kasha moja: hugawa njia kwa kompyuta zilizochomekwa kwa waya, hurusha mawimbi ya Wi-Fi, na huunganisha nyumba na intaneti pale intaneti inapokuwepo. Kazi mbili za kwanza zinaendelea hata kama laini ya simu iliyomo haina salio. Mwenye ruta ya laini ya simu ambayo bando lake limekwisha bado ana mtandao wa ndani unaofanya kazi, ila hajui. Simu ikijiunga itaonya kuwa hakuna intaneti. Mtumiaji achague kubaki hapo hapo.

Waya au mawimbi? Kwa duka na stoo, waya ndio unaostahili kufikiriwa kwanza. Wi-Fi ni rahisi kufunga, lakini mabati huyarudisha mawimbi, na ukuta wa tofali huyapunguza. Shehena nayo ina lake. Mwaka 2012 kampuni ya ndege ya Boeing ilieleza kwamba ilijaza magunia ya viazi kwenye viti vya ndege ili kupima Wi-Fi, kwa sababu viazi huyameza mawimbi kwa namna inayokaribia mwili wa binadamu. Mfanyabiashara wa Njombe anayepanga viazi mpaka darini hana haja ya jaribio jingine. Fundi aliyepima mawimbi mwezi Machi, stoo ikiwa tupu, ajiandae kuitwa tena wakati wa mavuno.

Kebo inayofaa ni ya daraja la Cat 5e au Cat 6. Inafanya kazi vizuri hadi mita 100, umbali unaotosha kwa viwanja vingi. Boksi zima huwa na mita 305, kwa hiyo anayehitaji mita 40 anunue kwa mita, au achangiane na majirani wawili. Tahadhari ni moja: madukani kuna kebo za alumini iliyopakwa shaba kwa juu, zinazouzwa kwa bei ya chini na kufanana na za shaba tupu. Kwangua uzi mmoja kwa kisu. Ukionekana weupe ndani, hiyo si shaba. Alumini hukatika upesi ikikunjwa, na tatizo lake hutokea miezi baadaye, fundi akiwa ameshalipwa na kuondoka.

Kebo ipite ndani ya bomba la plastiki, lile la nyaya za umeme, lakini isichanganywe na nyaya za umeme katika bomba moja. Katika stoo ya nafaka bomba hilo si urembo, maana panya hawabagui kati ya gunia na waya. Vumbi la pumba nalo huziba feni ya kompyuta, hivyo meza iwekwe mbali na mahali pa kupakulia.

Kama stoo ni jengo linalosimama peke yake, radi ifikiriwe mapema, hasa Kanda ya Ziwa, kwani Ziwa Victoria na pembezoni mwake ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi zaidi Afrika. Waya wa shaba unaoning'inia hewani kati ya majengo mawili unaweza kuunguza kompyuta za pande zote mbili kwa pigo moja. Hapo ni heri antena mbili ndogo zinazotazamana, au kebo ya nyuzi za kioo ambayo haipitishi umeme.

Vifaa vikishafungwa, kila kompyuta hupewa na ruta namba yake, mathali 192.168.1.10. Namba hizo ni kama namba za vyumba vya nyumba ya wageni: chumba namba 10 kipo Babati na kipo Kahama, na wapangaji hawagongani. Mwaka 1996 zilitengwa rasmi kwa mitandao ya ndani pekee. Fundi aombwe aifungie kompyuta yenye hesabu namba moja isiyobadilika, la sivyo umeme ukikatika na kurudi, stoo inaweza kuitafuta kompyuta ya duka isiione. Katika Windows, mtandao wa nyumbani uwekwe kwenye chaguo la Private, kisha folda moja tu ya hesabu ishirikishwe, si diski nzima, tena kwa nenosiri.

Baada ya hapo kuna uamuzi ambao hakuna fundi anayeweza kuufanya: nani anaandika nini. Faili la kawaida la Excel likiwa limefunguliwa stoo, anayelifungua dukani kwa kawaida ataweza kulisoma tu. Familia nyingi hukwama hapa, kila upande ukatengeneza nakala yake, na mambo yakarudi yalikokuwa wakati wa flashi. Njia nyepesi ni mafaili mawili. La magunia liandikwe na stoo na kusomwa na duka. La madeni liandikwe na duka na kusomwa na stoo. Mkulima akipimiwa mahindi, kijana anaandika, na kabla mkulima hajavuka ua, mama anayaona magunia yale na kulifuta deni. Biashara ikikua, programu ya uhasibu inayoruhusu watu wawili kuandika kwa pamoja itafaa, ila muuzaji aulizwe kwanza kama leseni ni ya kompyuta moja au mbili.

Mtandao huo huo unaweza pia kusambaza balaa. Mei 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kilisambaa katika nchi zaidi ya 150 kikipita kwenye utaratibu wa zamani wa Windows wa kushirikisha mafaili, kikayafunga mafaili na kudai fedha. Kiraka cha kuziba mwanya huo kilikuwa kimetolewa na Microsoft miezi miwili kabla. Walioumia ni wale ambao hawakuwa wamekiweka. Kompyuta yenye Windows ya wizi isiyopokea masasisho, au Windows 10 ambayo huduma yake ya kawaida ilikoma Oktoba 2025, haifai kuachwa wazi kwenye intaneti huku ikibeba madeni ya msimu mzima.

Kinga ya uhakika ni nakala. Kila jioni folda ya hesabu inakiliwa kwenye diski ya nje, kisha diski inachomolewa na kuwekwa chumbani. Ikiachwa imechomekwa, kirusi kitaifunga nayo pia. Jambo hili linagusa hata kodi: Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka mlipakodi wa Tanzania atunze kumbukumbu zake kwa miaka mitano, na kisingizio cha kompyuta kufa hakimsaidii sana anayekaguliwa.

Wateja nao huomba nenosiri la Wi-Fi wakisubiri kupimiwa. Kuwanyima ni ukali, kuwapa ni hatari. Ruta nyingi za sasa zina mtandao wa pili wa wageni usioziona kompyuta za nyumbani, wapewe huo. Ulinzi uwe WPA2 au WPA3, kwani ule wa zamani wa WEP ulikwisha kuvunjwa tangu mwaka 2001. Nenosiri la kiwandani lililobandikwa chini ya ruta libadilishwe siku ile ile.

Kuhusu umeme, ruta ya volti 12 na ampea 1 haiwezi kuzidi wati 12. Ikiwaka usiku na mchana haifikishi yuniti 9 za Luku kwa mwezi, na betri ndogo ya akiba iliyotengenezwa kwa ajili ya ruta huivusha pale umeme unapokatika. Kompyuta ya mezani ndiyo yenye kula zaidi, na hiyo ilikuwepo tangu mwanzo.

Si kila mtu anahitaji haya. Mwenye duka la chumba kimoja anayeuza na kuandika mwenyewe atumie daftari lake na fedha aongezee mzigo. Mwenye kompyuta mbili afanye hesabu rahisi: aorodheshe madeni yaliyobishaniwa msimu uliopita, aweke thamani ya kila moja na ya wateja waliohama, kisha ailinganishe na makadirio ya fundi ya ruta, kebo na ufundi. Kama jumla ya kwanza ni ndogo, asubiri.

Akiamua kufunga, jaribio la mwisho lifanyike kabla fundi hajalipwa. Laini ya simu itolewe kwenye ruta, wote wawili wakiwa wanatazama. Kijana afungue faili la madeni akiwa stoo, na mama achape risiti ya stoo akiwa dukani. Vikishindikana hivyo, kazi haijaisha.