Kabla ya Kiatu, Mguu

Watu hupanda Gishora, kilomita chache kutoka mjini Gitega, Burundi, kusikiliza ngoma. Mimi hutazama miguu. Mpigaji anayetoka mbele ya inkiranya, ile ngoma ya katikati, huruka juu magoti yakikaribia kifua, akatua peku, na papo hapo yuko tayari kuruka tena. UNESCO iliiorodhesha ngoma hii ya kifalme mwaka 2014, na sifa nyingi zikaenda kwenye mapigo. Kule kutua hakutajwi sana. Wasichana wamekatazwa kuzipiga ngoma hizo kwa amri ya rais ya 2017, lakini hakuna amri inayowazuia kutazama vifundo vya wapigaji.

Nasema hivi kwa sababu ya msichana wa Gitega au Muyinga anayeona baleti kwenye simu, mchezaji kasimama juu ya ncha za vidole, naye swali lake la kwanza likawa viatu vinauzwa wapi. Kiatu hicho hakimbebi mtu. Ncha yake ni matabaka ya kitambaa na gundi yaliyokaushwa, na chini kuna wayo mgumu; kinachomsimamisha ni misuli ya unyayo, shavu la mguu na kiuno. Mchezaji Marie Taglioni alipocheza baleti ya La Sylphide mjini Paris mwaka 1832, alivaa viatu laini vya satini vilivyoshonwashonwa nyuzi kwenye ncha. Ugumu ulikuwa mguuni mwake.

Basi msichana huyo aanze peku, ameshika ukuta. Apande polepole hadi visigino viwe juu kabisa, kisha ashuke kwa muda mrefu kuliko aliotumia kupanda, maana udhaifu hujificha kwenye kushuka. Uzito ukae kati ya kidole gumba na cha pili. Kifundo kikiangukia upande wa kidole kidogo, arudi chini, la sivyo anazoea kuteguka. Akiwa ameketi, avute mzizi wa vidole kuelekea kisigino bila kuvikunja vidole, hadi uvungu wa unyayo uinuke. Zoezi hili linachosha kuliko linavyoonekana, na wengi hulikwepa.

Sakafu nayo ni jambo. Wa Gishora hutua kwenye udongo, na kumbi za baleti huwekwa mbao zinazonesa. Saruji ya sebuleni inafaa kwa kupanda na kushuka, ila haifai kurukia kila siku. Ukosefu wa ukumbi, hata hivyo, si kisingizio: mwalimu Mike Wamaya amefundisha baleti watoto wa Kibera, Nairobi, katika darasa lililoondolewa madawati, wengi wao wakiwa peku.

Umri unaotajwa sana wa kuanza kuvaa kiatu cha ncha ni miaka 11 au 12, baada ya miaka kadhaa ya mazoezi, kwa kuwa mifupa ya mguu bado inakomaa. Mimi naamini zaidi kipimo kuliko siku ya kuzaliwa. Kimoja kinachotumika ni kuruka kwa mguu mmoja mara 16 mfululizo: angalau 8 ziwe safi, nyonga zimetulia, goti limenyooka hewani na likikunjwa wakati wa kutua, mguu ukipita kwenye vidole kabla ya kisigino.

Akifaulu, mwalimu aukague mguu wake, kisha kiatu kitafutwe kwa kipimo chake. Cha mtumba asikiguse, hata kikiwa bei ya kutupa: kimeshachukua umbo la mguu wa mwingine na wayo wake umelegea.