Kijana anayekimbia masomo: umuulize kwanza

Mzazi, kijana wako anatoka nyumbani na madaftari, lakini prefe anasema hamuoni ku masomo. Ao anafika, anapigana. Usikimbilie fimbo, itamfukuza zaidi.

Hapa kwetu mauaji ya Beni yalianza 2014, halafu Ebola ikatupiga 2018 mpaka 2020. Woga unaweza kugeuka hasira, na asiyelala usiku hawezi kusikia mwalimu. Mwingine anaona haya tu: minervali haijalipwa.

Fanya hivi:
1. Umuulize polepole, mkiwa wawili.
2. Mwende pamoja kwa prefe, mpatane namna ya kurudi.
3. Kama halali, ao anaota vita kila mara, umulete hospitali. Akisema anataka kufa, umulete siku ile ile.

Si ulozi. Ni kidonda cha moyo, na kinaweza kupona.