Shosh Amevunjika Nyonga? Hii Ndiyo Sababu Daktari Anauliza Kama Alikuwa Akienda Soko

Shosh akiteleza choo na ashindwe kusimama, familia nyingi kwanza hutafuta mtu wa kumkanda na mafuta. Hebu cheki mguu kwanza. Ukiona umekuwa mfupi kuliko ule mwingine na unyayo umegeuka kuangalia nje, kuna uwezekano mkubwa nyonga imevunjika. Usimkande, usimlazimishe kusimama. Mpeleke hosi.

Hii kitu ni serious. Tafiti za nchi nyingi zinaonyesha kwamba kati ya wazee 100 wanaovunjika nyonga, kama 20 hadi 30 hufariki ndani ya mwaka mmoja. Na mara nyingi si mfupa unaoua. Ni nimonia, ni moyo kulemewa, ni damu kuganda mguuni halafu ipande kwa mapafu, ni vidonda vya kulala sana. Yaani adui mkubwa ni kitanda.

Ndio maana daktari atakuuliza maswali unaona kama hayana maana. Wiki iliyopita alikuwa anaenda soko mwenyewe? Alikuwa na mkongojo? Anajipikia? Husahau majina ya wajukuu? Usichoke kujibu, na usimpambie shosh. Hali yake kabla ya kuanguka inasema mengi kuliko ile picha ya eksirei.

Kule Nottingham, Uingereza, madaktari waliweka haya mambo kwa hesabu, wakaitoa 2008. Ni pointi 10, na zinakadiria nani yuko kwa hatari ya kufariki ndani ya siku 30. Umri wa 66 hadi 85 ni pointi 3, ukipita hapo ni 4. Kuwa mwanaume ni 1 (ndio, guka ako kwa hatari kuliko shosh). Damu kuwa kidogo, 1. Kansa, 1. Magonjwa mawili ama zaidi, kama ya moyo, mapafu au figo, 1. Kukaa kwa makao ya wazee, 1. Kumbukumbu kupungua, 1.

Lakini usichukue hiyo hesabu mzima mzima ulete mtaani. Wazee wetu wengi wanakaa na familia, si kwa makao. Na ule mtihani wa kumbukumbu wanaotumia huko unauliza mwaka wa Vita vya Kwanza vya Dunia na jina la mfalme ama malkia wao. Shosh wako wa ocha anaweza kuzikosa zote mbili na akili yake iko timamu kabisa, anakumbuka hata deni lako la 2019.

Tena pointi zinaongea kuhusu kundi. Watu 100 wenye pointi sawa, tunaweza kukadiria wangapi watatoka. Shosh wako ni nani kati yao, hakuna anayejua. Na hazisemi kama atatembea. Kwa hilo, karibu nusu tu ndio hurudi kutembea vile walikuwa, na aliyekuwa anatembea fiti ndiye huwa na chansi poa.

Umri huwezi kubadilisha. Masaa unaweza. Mwongozo wa Uingereza unataka upasuaji ufanyike siku ile amefika ama kesho yake. Kwetu siku nyingi hupotelea kwa kutafuta doh na damu, so angalia mapema kama bima yake iko sawa, na utafute wa kutoa damu kabla muitishwe.

Akishapasuliwa, asimamishwe kesho yake, hata kama analia. Dawa ya maumivu apewe vizuri, la sivyo hatajaribu. Mletee mayai, maziwa, ndengu. Usiku akianza kuongea vitu hazieleweki, hajarogwa. Ubongo wa mzee huchanganyikiwa baada ya upasuaji, kwa hivyo ambia nesi haraka, mvalishe miwani yake, na mtu anayemjua akae karibu.

Kabla arudi hao, uliza daktari kuhusu dawa ya kuimarisha mifupa. Wengi huruhusiwa bila hiyo, na nyonga ya pili ikabaki inangoja. Halafu weka taa ile njia ya choo.