Kumbukumbu pepe: maana ya istilahi na gharama ya tafsiri

Istilahi kumbukumbu pepe huelezwa mara nyingi kuwa ni "kumbukumbu ya ziada iliyo kwenye diski". Maelezo hayo yana ukweli kidogo na upotoshaji mwingi. Wengine, kwa kuzoea barua pepe, hudhani kwamba pepe hapa ina maana ya "-a kielektroniki". Kumbukumbu zote za kompyuta ni za kielektroniki. Kivumishi hicho hakingeongeza lolote. Maana inayofaa ni ile ya uhalisia pepe: kitu kinachoonekana na kutumika kana kwamba kipo katika umbo fulani, ilhali umbo lake halisi ni jingine.

Dhana hii ilitekelezwa katika kompyuta ya Atlas, iliyozinduliwa mwaka 1962 katika Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza. Kumbukumbu yake kuu ilibeba maneno 16,384 ya mashine, na ngoma ya sumaku, iliyokuwa na kasi ndogo zaidi, ilibeba mara sita ya hayo. Kabla ya hapo, mwandishi wa programu alilazimika kupanga mwenyewe data ipi iingie na ipi itoke. Atlas ilimwezesha kuandika kana kwamba hifadhi zote mbili ni moja. Mashine yenyewe ilihamisha data kwa vipande viitwavyo kurasa.

Kiini cha mbinu hiyo ni tafsiri. Programu hutaja anwani pepe. Kompyuta huitafsiri kuwa anwani halisi kwa kutumia jedwali la kurasa. Faida ni kubwa: programu moja haiwezi kuvuruga data ya nyingine, wala haihitaji kujua imewekwa wapi.

Hata hivyo, tafsiri ina gharama. Kichakataji huweka tafsiri za karibuni katika akiba ndogo yenye kasi. Tafsiri isipopatikana humo, vichakataji vingi vya leo husoma jedwali lenye ngazi nne kabla ya kuifikia data yenyewe. Tuseme akiba hiyo ina nafasi 1,024. Kwa kurasa za kilobaiti 4, inahudumia megabaiti 4 tu. Kwa kurasa za megabaiti 2, inahudumia gigabaiti 2. Kurasa kubwa hupunguza tafsiri, lakini ukurasa wenye data chache hupoteza nafasi.

Gharama huwa nzito zaidi ukurasa unapolazimika kuletwa kutoka diskini. Katika kompyuta kuu, maelfu ya vichakataji hushirikiana katika hesabu moja. Kimoja kikichelewa, vingine vyote humngoja. Cray-1 ya mwaka 1976, iliyosanifiwa na Seymour Cray, haikutumia kumbukumbu pepe kabisa. Ilipata kasi, lakini programu ilipaswa kuenea yote katika kumbukumbu halisi. Kompyuta kuu nyingi za leo hufuata njia ya kati: zinaendelea kutafsiri anwani, ila huepuka kuhamishia kurasa diskini.

Hapo ndipo uteuzi wa maneno unapokuwa na uzito. Linganisha:

1. Mafundi walizima kumbukumbu pepe.
2. Mafundi walizuia kurasa zisihamishiwe diskini.

Sentensi ya kwanza inadai kwamba tafsiri ya anwani yenyewe, pamoja na ulinzi wake, imeondolewa. Ya pili inaeleza hatua ndogo na ya kawaida. Mfasiri anayeona "kumbukumbu ya ziada" tu atazichanganya, na msomaji atadhani ulinzi umeondolewa ilhali upo.

Kisarufi, kumbukumbu pepe iko katika ngeli ya I-/ZI-, na pepe haibadiliki: kumbukumbu pepe inatumika, kumbukumbu pepe zinatumika. Kinyume chake ni kumbukumbu halisi. Neno kuu lisichukuliwe kuwa kinyume cha pepe: kumbukumbu kuu hutofautishwa na hifadhi nyingine, kama vile diski.