Maji Yanapozidi Chumvi Mwilini

Kuanzia Septemba mpaka mvua zishuke, jua la Mpanda halina huruma. Mto Katuma hupungua hadi viboko wa Hifadhi ya Taifa ya Katavi wakabanana kwenye madimbwi yaliyosalia, na kila unayekutana naye anakuhimiza unywe maji. Ushauri huo ni mzuri. Tatizo ni imani zilizoota pembeni yake, baadhi zikiwa za hatari.

"Maji hayamdhuru mtu, hata anywe kiasi gani."

SI KWELI. Damu ya mtu mwenye afya ina sodiamu, madini tunayoyapata kwenye chumvi, kati ya milimoli 135 na 145 kwa lita. Figo za mtu mzima huweza kutoa takriban lita moja ya maji kwa saa, na mtu akiwa kwenye kazi nzito au mbio ndefu hutoa pungufu ya hapo. Akiendelea kubugia, sodiamu inazimuliwa, maji yanaingia ndani ya seli na seli zinavimba. Ubongo, uliozungukwa na fuvu, hauna pa kuvimbia. Kichwa kinauma, kichefuchefu kinakuja, mtu anachanganyikiwa, kisha degedege na kupoteza fahamu. Mwaka 2002, mwanamke wa miaka 28 alifariki hivyo baada ya kukimbia Boston Marathon. Kati ya wakimbiaji 488 wa mbio hizo waliopimwa damu, asilimia 13 walikuwa na sodiamu pungufu, na waliokuwa hatarini zaidi ni wale walioongezeka uzito njiani kwa kunywa kupita jasho lililowatoka.

"Joto limezidi, mtoto mchanga naye apewe maji."

SI KWELI, na hili ndilo linaloniumiza zaidi, kwa sababu anayempa maji ni bibi au mama anayempenda. Maziwa ya mama yana maji ya kutosha, hata Oktoba. Kwa miezi 6 ya mwanzo mtoto hahitaji kingine. Figo zake bado changa, tumbo lake dogo. Maji yanachukua nafasi ya maziwa na kuizimua sodiamu yake. Maziwa ya kopo yanayoongezwa maji ili yasiishe haraka yana hatari ileile. Mtoto akipata degedege, huku kwetu tunawaza malaria kwanza, na ni sawa apimwe upesi. Ila mweleze mhudumu alikunywa nini.

"Anayeharisha anywe maji matupu kwa wingi."

NUSU KWELI. Maji anayahitaji sana, lakini amepoteza na chumvi. Mpe ORS: pakiti ya lita moja kwenye lita moja kamili ya maji salama. Ukiikosa, weka vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha, kwenye lita hiyohiyo, huku ukielekea kituo cha afya.

"Jasho la machimboni linarudishwa na maji tu."

NUSU KWELI. Mchimbaji wa dhahabu anayetoka kwenye duara akiwa amelowa, au mkulima wa mpunga kule Mpimbwe, anywe kila akisikia kiu, na ale. Ugali na mboga iliyotiwa chumvi, au supu, hurudisha kilichotoka. Asijilazimishe kumaliza dumu kwa mkupuo.

"Mkojo lazima uwe mweupe kama maji."

SI KWELI. Njano hafifu inatosha.

"Basi tulambe chumvi kwa wingi."

SI KWELI. Chumvi nyingi hupandisha presha. Wanaotumia vidonge vya presha vya kukojoza, hasa wazee, wamuulize daktari kiasi chao cha maji, kwani baadhi ya vidonge hivyo hushusha sodiamu.

Mtu akichanganyikiwa au akipata degedege, usimmiminie chochote mdomoni. Mlaze ubavu, mkimbize hospitali, na useme amekunywa maji kiasi gani na kwa muda gani.